Uzoefu wangu: Difu ya Altezza RS200 iliyolegea, nimeikarabati badala ya kununua ya mtumba

Wenye Toyota Altezza RS200 ya klachi na gia sita wengi wanaujua huu mlio wa difu, ule mkusanyiko wa gia nyuma unaogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Unatoa mguu kwenye mafuta, unakanyaga tena, nyuma panagonga "ko!" Kwenye foleni ya Mwenge gari langu lilikuwa linagonga kila linaposogea. Baadaye likaongeza mvumo kuanzia kilomita 80 kwa saa, na ukiachia mafuta mvumo unabadilika sauti. Chini, kwenye sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu ya injini kwenye difu), oili ilikuwa imevuja na kushika vumbi.

Gereji ya kwanza walipandisha gari, wakatikisa propela, wakasema difu imekufa, nikatafute nyingine ya mtumba Gerezani. Kijana mmoja pale akashauri tuichomelee ndani. Nilikataa yote mawili. Difu iliyochomelewa inalazimisha magurudumu ya nyuma yazunguke sawasawa, wakati kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kwenye lami tairi zinaburuzwa na shafti zinateseka. Langu tena lina Torsen, difu inayopeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu lenye mshiko, ambayo ni nusu ya raha ya gari lenyewe! Na ya mtumba je? Altezza zilitoka mwaka 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 20. Unauziwa beringi zilizochoka kama zako, pengine na uwiano wa meno tofauti, pengine haina Torsen kabisa.

Rafiki akanielekeza kwa fundi mmoja Ilala, mtu mzima, anayeshughulika na difu na giaboksi tu. Huyu alilala chini ya gari muda mrefu kabla hajafungua nati hata moja. Alishika flanji ya pinioni akaitikisa juu na chini, ikacheza. Akaingiza mtaimbo kati ya difu na sabufremu (fremu ndogo inayoibeba), akanyanyua kidogo, na mimi nikaona kwa macho yangu raba ya bushi inayoshikilia difu imeachana na chuma chake. Akamwaga oili, akapangusa sumaku ya boliti ya chini, akasugua ule uji wa kijivu kwa vidole. "Kaka, hii haijafa. Huu ni unga tu, hakuna vipande. Ungekuwa na vipande ningekwambia tuiage."

Kwa hiyo yalikuwa matatizo mawili kwa pamoja: bushi zilizokatika zilifanya difu nzima iruke kila unapokanyaga mafuta, na beringi zilizochoka zilileta mvumo. Ukibadili difu ukaacha bushi zilezile, mlio unabaki palepale, na hela imeshakwenda.

Difu ilipofunguliwa, fundi alifunga saa ya kupimia kwenye jino la kraunwili, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni. Nafasi kati ya meno ilizidi milimita 0.30, wakati kitabu chake kinataka kati ya 0.13 na 0.18. Meno yenyewe yalikuwa mazima. Tukanunua beringi nne za Koyo, sili tatu na ile bushi laini ya pinioni inayobonyea nati inapokazwa, ambayo hairudishwi tena ikishatumika. Sehemu iliyonivutia zaidi ni upangaji wa washa za pembeni. Anaweka washa, anapaka rangi kwenye meno, anazungusha, anatazama alama ya mguso imekaa wapi, anafungua tena na kubadilisha. Hakuharakisha hata kidogo. Alipomaliza saa ilisoma 0.15, na alinisubiri nifike niisome mwenyewe kabla hajafunga.

Kwa upande wa bushi nilichagua raba orijino. Za poliurethani zinadumu na zinashika difu vizuri zaidi, ila zinaleta mtetemo na kelele ndani ya gari, na mimi gari hili ndilo la kila siku. Anayekwenda kushindana achukue poliurethani.

Oili ya difu ni ya uzito 75W-90, daraja la GL-5. Aliniagiza nisikimbize gari mwanzoni mpaka beringi zikae, kisha nimwage oili hiyo niweke mpya. Jumla, spea na ufundi, imenitoka kama laki tisa. Bei ya difu ya mtumba niliyotajiwa haikuwa mbali na hapo, kabla ya bushi.

Sasa hivi "ko!" haipo, na Barabara ya Bagamoyo naisikia injini peke yake. Kutoka kwenye kona kwa gia ya pili, nyuma linasukuma palepale unapokanyaga, bila ule mruko wa kwanza.

Lawama yangu kwa fundi ni moja: hatoi dhamana ya maandishi. Kwa kazi ya gharama hii mteja anastahili karatasi, nami nimemwambia hivyo uso kwa uso. Na ukienda kwake uwe na usafiri mwingine, maana hafungui difu ya pili mpaka amalize iliyoko mezani.