Jumbo ya 1935: Pinboli Inayokulipa Papo Hapo

Sikilizeni kwanza… kla-kla-kla-kla! Hizo ni sarafu, jamani, zinatoka zenyewe. Hakuna mhudumu, hakuna kuponi. Karibuni tena kwenye chaneli yenu, na leo nina wazimu kidogo, mnivumilie.

Hii ni Jumbo, pinboli ya kampuni ya Bally ya Chicago, mwaka 1935: mashine ya sarafu ya kurusha kijimpira kwenye ubao ulioinama, wenye misumari na mashimo. Miguu minne, kioo juu, hayo mnayajua, tuyapite. Flipa, vile vibawa vya kuupiga mpira urudi juu, msizitafute, hazipo. Zilikuja 1947 na Humpty Dumpty, mashine ya kampuni ya Gottlieb. Hapa unapewa mpira mmoja tu. Unavuta fimbo ya springi, unaachia, halafu kazi yako imebaki kuomba Mungu huku mpira unagonga misumari.

Sasa utamu wenyewe, kamera isogee hapa. Sarafu za wachezaji zinapangana ndani ya mrija, moja juu ya nyingine. Mpira ukitumbukia shimo la malipo, swichi inabanwa, na kisukumio kinaanza kuzitoa sarafu zile za chini. Shimo hili linalipa kiduchu, lile pale linalipa nono, na ndilo waliloliwekea misumari mingi, wajanja hao! Kwa hiyo unalipwa kwa pesa za waliopigwa kabla yako. Ngoja nirudie… kla-kla-kla. Mara nyingine tena… Haya, naacha. Hapana, moja ya mwisho.

Zamani ukipata alama nyingi ulimwita mwenye baa azihesabu, ndipo akupe zawadi yako, kama hajaanza kubisha. Bally walimwondoa huyo mtu katikati mwaka 1933 walipotoa Rocket, pinboli yao ya kwanza kujilipia. Mnaoniuliza kwenye maoni kuhusu Baffle Ball ya Gottlieb ya 1931: ni nzuri, na iliuzwa dola 17.50 tu, lakini ukishinda inakukodolea macho.

Na ukidhani utaitikisa mpira uende unakotaka wewe, mbunifu wa pinboli Harry Williams alishakuwahi. Ndiye aliyebuni tilti, kifaa kinachohisi mashine ikitikiswa. Ukisukuma kwa nguvu, mchezo umekwisha na sarafu yako imeliwa.

Nilikuja hapa nikitaka kuipa alama tisa kwa kumi. Lakini kadiri ninavyocheza… wa Tanzania mtanielewa, hii ni dubwi, mashine ya kamari ya sarafu, iliyovaa suti. Ustadi uko wapi? New York walizipiga marufuku pinboli mwaka 1942, meya La Guardia mwenyewe akazivunja kwa nyundo mbele ya kamera, na marufuku ikakaa hadi 1976. Hata zile zisizolipa chochote ziliponzwa na dada zao hawa. Nashusha: saba. Saba na nusu, kwa ajili ya ule mlio.

Bei? Mwenye mashine kanikataza kuitaja. Ila ukiwa Marekani angalia sheria ya jimbo lako kabla hujatoa hela, maana kuna mahali hata kuukuu kama hii inahesabiwa kamari. Wiki ijayo tunafungua ya flipa. Gongeni kengele… na wewe, nipe sarafu nyingine hapo.