Vekta tupu au vekta yenye fremu?

Kwenye programu yetu ya kuongoza boti kati ya Mwanza na Ukerewe, ubishi ulikuwa huu: klasi (muundo wa data kwenye programu) ya vekta, yaani mshale wenye urefu na mwelekeo, ibebe x, y na z tu, au ibebe na fremu yake, yaani pande ambazo namba hizo zinapimwa kwazo, za boti au za ramani?

Vekta tupu ni nyepesi: namba tatu za desimali, baiti 24, basi. Tatizo, haijui inatazama wapi. Sona, kifaa kinachopima umbali majini kwa sauti, ilisema jiwe liko mita 40 mbele ya boti, na boti ilielekea magharibi. Nikazijumlisha hizo 40, ambazo kwa boti ni y, yaani mbele, moja kwa moja na mahali pa boti kwenye ramani, ambako y ni kaskazini. Jiwe likahamia kaskazini, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Na ziwa letu kwa mawe, si mchezo!

Yenye fremu huongeza kielekezi cha baiti 8, yaani anwani kwenye kumbukumbu inayoonyesha fremu ni ipi. Ukijumlisha ya boti na ya ramani, inagoma mpaka uzungushe kwanza ya boti ifuate pande za ramani. Nami naichukua hiyo, ila ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) chenye maelfu ya vipimo vya sona naivua fremu, napiga hesabu, kisha naivisha tena wakati wa kutoka.