Khan Academy kwa hesabu za sekondari nyumbani, uzoefu wangu na binti yangu

Kwa mzazi anayejiuliza kama anaweza kumfundisha mtoto hesabu za sekondari nyumbani kwa video, jibu langu ni kwamba inawezekana na kwetu imefanya kazi, ila usianzie pale darasa lilipofika, anzia pale mtoto alipopotelea.

Sisi tunatumia Khan Academy, ni bure kabisa. Ni ile ya yule Mmarekani Salman Khan, mwaka 2004 alikuwa anamfundisha binamu yake hesabu kwa simu, 2006 akaanza kuweka video YouTube. Na mpaka leo video nyingi za hesabu huoni sura ya mwalimu, ni ubao mweusi, kalamu za rangi na sauti inayoongea taratibu kama mtu aliyekaa pembeni yako na daftari.

Tulianza binti akiwa fomu tu, yaani kidato cha pili, mada ilikuwa kwadratiki, zile hesabu zenye x ya kipeo cha pili, na alikuwa anakula F tu wakati D yenyewe inaanzia 30. Nikamwekea video za kwadratiki, anaangalia, ananiambia mama nimeelewa, ukimpa swali anakosa tena. Ikabidi nichukue daftari lake nifuatilie mstari kwa mstari, nikakuta swali lina −3(x − 4), yeye kaandika −3x − 12. Yaani njia ya kwadratiki anaijua, kinachomuangusha ni hasi mara hasi, pamoja na hesabu za sehemu, vitu vya shule ya msingi ambavyo alivisoma kwa Kiswahili, afu fomu wani kila kitu kikageuka Kiingereza na silabasi inakimbia, darasa limejaa, mwalimu atamrudisha saa ngapi.

Hapo ndo nilipoipenda hii programu. Mle ndani masomo yamepangwa kwa madarasa ya Marekani, ukienda grade 6 na 7 unakuta namba hasi na sehemu, video za dakika chache chache, video ikiisha kuna maswali, akikwama anabonyeza hinti inamwonyesha hatua moja, akibonyeza tena inakuja nyingine. Na hakuna wa kumcheka. Mtoto wa fomu tu kurudia sehemu mbele ya wenzake ni aibu kubwa kwake, lakini sebuleni na simu ya mama anarudia video ileile mpaka imkae na hakuna anayemuuliza kwa nini. Likizo ya mwezi wa sita yote tulikaa huko chini, hatukugusa mada hata moja ya fomu tu, na shangazi yake alikuwa ananiambia mama fulani unampotezea mtoto muda, mpeleke tuisheni. Tuliporudi kwenye kwadratiki hakuna kitu kipya nilichomfundisha, alizifanya mwenyewe.

Ila video peke yake haifundishi, hili nalisema kwa msisitizo maana naona watoto wanaangalia video za hesabu kama tamthilia, wanatikisa kichwa halafu basi. Kwetu sheria ni kwamba mwalimu akishaandika swali, binti anaistopisha, analifanya kwenye daftari mpaka mwisho, ndo anaplei kuangalia kama wamefanana. Na daftari ni muhimu kwa sababu nyingine pia, mazoezi ya mle yanasahihisha jibu la mwisho tu, anajaza namba au anachagua, inamwambia sawa au siyo, wakati NECTA, wale wa Baraza la Mitihani, wanatoa maksi za njia. Ule mtihani wa fomu foo una maswali 14, yale 10 ya mwanzo kila moja maksi 6, mtoto anaweza kukosa jibu na bado akaondoka na maksi zake kama hatua zinaonekana. Mtoto aliyezoea kubonyeza majibu haandiki hatua. Kwa hiyo mimi sisahihishi simu, nasahihisha daftari.

Kitu kingine mjue kabisa, haifuati silabasi yetu. Mstari wao wanaandika y = mx + b sisi tunaandika y = mx + c, hiyo mtoto anazoea. Logarithimu wao wanamalizia kwa kalkuleta, sisi watoto wanafundishwa kusoma four figure, yale majedwali ya namba, hiyo ilibidi nimwelekeze mimi kwa mkono. Ila mada zetu za Earth as a Sphere na Accounts usihangaike kuzitafuta kwenye kozi zao za hesabu, hutazikuta kama zilivyo kwetu, hizo tulichukua kwa walimu wa Kitanzania walioko YouTube wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, afu pasti pepa. Kuna programu nyingine ya kulipia tuliwahi kuijaribu inasema inafuata NECTA, jina naliacha, mwalimu anasoma notsi tu kama zilivyo kwenye kitabu, tukaachana nayo.

Bando sio shida sana kama ukiweka ubora wa chini, mimi naweka 360p na maandishi bado yanasomeka vizuri kwa sababu ni rangi juu ya weusi, hakuna mapicha mengi. Kiingereza chao mwanzoni kilimpa tabu, washa maandishi ya chini ya video, inasaidia sana.

Sasa yuko fomu foo, mock ya mkoa amepata C ya hesabu na nilifurahi mno, tunapigania B. Mwenye mtoto anayeingia fomu wani mwaka huu aangalie mada zake kwanza maana mtaala mpya umeshaingia madarasa ya chini, lakini kuna kozi mle inaitwa Get ready for Algebra 1, mimi ningemwanzisha na hiyo hata kama alipata A ya hesabu darasa la saba.