Pioni chotara: kama una hela ya mche mmoja tu, chukua upi?

Kwanza wale wa nyumbani mnaonitumia meseji niwabebee mche mkapande Dar, jamani tusisumbuane, pioni ni ua la nchi za baridi, isipopigwa baridi ya maana miezi kadhaa haichanui, utabaki kufagia majani. Huku Minnesota, Marekani, ndo kwao, baridi lenyewe mnalijua.

Kwangu namba moja ni Bartzella, ya njano. Ni zile wanaita Itoh, mchanganyiko wa pioni ya kawaida inayokauka yote juu kila winta na ile ya mti ambayo matawi yake hayafi winta, Mjapani Toichi Itoh ndo alifanikiwa kuzichanganya akafa 1956 hata ua lenyewe hajaliona. Hii Bartzella imetoka Wisconsin hapo jirani, 1986. Bei imechangamka ila zamani mche mmoja ulikuwa mamia ya dola, na shina lake gumu, mvua inyeshe usiku kucha asubuhi unaikuta imesimama vilevile, huhangaiki na vijiti wala kamba.

Ya pili Coral Charm ya 1964. Inachanua mapema, halafu ina vituko, nilikata tatu nikaweka kwenye jagi mezani, Jumatatu rangi ya papai lililoiva, ikifika Alhamisi zimekuwa kama chai yenye maziwa mengi. Mama mkwe alidhani nimebadilisha maua.

Red Charm naiweka ya tatu, nyekundu ya damu, nzuri mpaka basi, lakini kichwa kizito, bila kuiwekea waya wa kuishikilia italala kwenye tope. Ya mwisho Sarah Bernhardt, ya Ufaransa 1906, ya pinki, hiyo wala si chotara wa spishi mbili lakini utaikuta kila duka na bei poa, nayo mvua inailaza.

Sasa kwenye kununua ndo watu tunaliwa. Mwaka juzi nilibeba boksi duka moja kubwa mwezi wa nne, picha ya ua nje inameremeta, kufungua nakuta kipande kama muhogo uliosahaulika uvunguni, jicho moja, yaani kile kichipukizi cha kuotea, na ukungu juu. Haukutoka. Siku hizi naagiza mizizi mitupu kwa wakulima wenyewe, inakuja Septemba au Oktoba, na nauliza kabla ya kulipa, ina macho mangapi? Nataka 3 mpaka 5, asiyejibu simpi hela.

Pa kupanda pawe na jua la angalau masaa 6 kwa siku, na macho yasizidi sentimita 5 chini ya udongo, hapo ndo wengi wanakosea, wanafukia kama kiazi halafu miaka inapita hawaoni ua. Hata ukipanda vizuri, ua la kueleweka ni mwaka wa pili au wa tatu. Sisimizi wakijaa kwenye vichwa vya maua waache, wanafuata utamu tu, hela ya dawa iweke uongezee Bartzella.