Tairi za Noah na Hiace ya familia: ipi ya kwanza, ipi ya kuachwa

Wengi tukifika dukani tunapapasa kashata, yaani meno ya tairi, kisha tunauliza bei. Kwa Noah inayobeba watu wanane kutoka Tororo hadi Kampala, na buti limejaa mchele na matoke ya kupeleka kwa shangazi, soma kwanza uzito ambao tairi inaweza kubeba. Namba yake iko ubavuni, kabla tu ya herufi inayofunga saizi.

Chukua 195/65R15 91S, saizi ya Noah nyingi. Hiyo 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja; nne ni kilo 2,460. Gari tupu lina kama kilo 1,600. Panda watu wazima wanane wa kilo 70 kila mmoja, umefika 2,160. Zimebaki kilo 300 tu, na mizigo karibu yote inalalia tairi mbili za nyuma. Saizi ile ile ikiwa na namba 95 na herufi XL, yaani iliyoongezwa uwezo wa kubeba, kila moja inabeba kilo 690. Mimi ningelipia hizo herufi mbili kabla ya kulipia jina la kampuni.

Hiace ni kazi nyingine. Nyingi hutumia tairi za mizigo kama 195/80R15 yenye 107/105, yaani hadi kilo 975 kwa tairi moja. Muuzaji akikuletea ya gari dogo kwa sababu rimu ni 15 vilevile, ikatae hapo hapo.

Namba ya kwanza kwangu ni tairi mpya ya kampuni yenye jina, iwe Bridgestone, Yokohama, Dunlop au Apollo, yenye uzito sahihi. Tazama tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Iliyokaa dukani miaka mitano, tena imeanikwa juani pale mbele, mpira wake umeshaanza kukauka hata kama haijawahi kugusa barabara.

Ya pili ni mpya ya bei nafuu kutoka China, kama Linglong au Triangle. Naiweka juu ya mtumba wowote kwa sababu unajua umri wake, na unajua hakuna aliyeitembeza bila upepo.

Mtumba wa Japani ni wa tatu, na hapa usiwe na haraka. Pale soko la Kisekka, Kampala, utaonyeshwa tairi iliyopakwa rangi nyeusi inang'aa. Ingiza mkono ndani ya tairi uupitishe ubavuni pote. Ukitoka na unga mweusi wa mpira, au ukahisi mduara uliochubuka, tairi hiyo iliendeshwa bila upepo na ubavu wake umekufa. Kisha tafuta alama za TWI: vile vivimbe vidogo ndani ya mifereji vikilingana na kashata, imebaki milimita 1.6 tu. Vivimbe vikiwa vimekatwa na mifereji ni mipya kabisa, kuna mtu ameichonga upya kwa kisu cha moto. Iache, hata ukiambiwa ni bei ya ndugu.

Mwisho kabisa naweka zenye neno STUDLESS. Ni za theluji. Mpira wake ni laini ili ushike barabara ya baridi. Kwenye lami ya Soroti saa saba mchana zinalika upesi, na gari lenye mzigo huyumba. Magari mengi hushuka Mombasa yakiwa nazo, kwa hiyo kagua hata zile ulizouziwa pamoja na gari.

Ukinunua mbili tu, zifungwe nyuma. Fundi wengi watabisha, watasema usukani uko mbele. Lakini mbele ikiteleza, ukiachia mafuta taratibu gari hurudi. Nyuma ikiteleza kwenye kona za Mabira mvua ikinyesha, gari linageuka na watoto ndani, na madereva wachache sana wanaweza kulirudisha. Dai valvu mpya na balansi. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kupishana, na zimaliziwe kwa spana ya kipimo: kwa Noah ni Nm 103. Fundi anayerukia spana kwa miguu anakuharibia nati. Ukitoka Tororo, simama Bugiri au Iganga uzikaze tena.

Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba za kibandiko cha mlango wa dereva. Vingi vimeandikwa kPa: 240 ni kama PSI 35. XL hufikisha zile kilo 690 ikiwa na kPa 290, kama PSI 42, kwa hiyo ukiijaza upepo mdogo umelipia nguvu usiyoitumia.

Kabla ya kumlipa fundi, toa tairi ya akiba. Kama ni ile nyembamba ya dharura, inataka PSI 60 na isipite kilomita 80 kwa saa. Noah nyingine hazina akiba, zina dawa na pampu ndogo, na dawa hiyo haizibi tundu la ubavuni. Kama mnasafiri usiku kwenda Arua, nunueni ya tano kamili na rimu yake, hata ikila nafasi ya gunia moja.