Bima ya Subaru, Altezza na Mark X: ipi uinunue, ipi uikimbie

Rafiki yangu wa Tabata ana Impreza ya tabo ya 2009. Huiosha mwenyewe kila Jumamosi, maana hataki mtu aguse rangi yake na kitambaa chenye mchanga. Mwaka juzi aliikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kwa shilingi 743,400. Mwaka huu wakala kamtumia ujumbe: 1,062,000. Akanipigia saa hiyo hiyo. "Kaka, nishuke bima ndogo yaishe?"

Nilimwambia asubiri, maana bima ndogo humlipa tu yule uliyemgonga, nikakaa na karatasi zake jioni nzima. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyojifunza kwa pesa yangu mwenyewe.

Kwanza tujue bei inapandia wapi. Bima kubwa ni hesabu ya vitu viwili: thamani ya gari na kiwango cha asilimia. Kwa gari binafsi hapa Tanzania, kiwango cha chini tulichozoea ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha inaongezwa VAT ya asilimia 18. Impreza ya huyu rafiki iliandikwa milioni 18 mwaka juzi: 630,000, weka VAT ya 113,400, ndiyo hiyo 743,400. Mwaka huu wameiandika milioni 20, na kampuni imepandisha kiwango hadi 4.5. Vitu vyote viwili vimesogea kwa pamoja, ndiyo maana kaona kama kapigwa ngumi.

Thamani inapanda kwa sababu gari la kununua badala yake limekuwa ghali. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na kidogo. 2024 ikavuka 2,600. Gari linaagizwa Japani kwa dola, na kodi ya TRA nayo inatokana na thamani ya gari kwa dola: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na ule wa uchakavu ambao kwa gari lililozidi miaka kumi ni asilimia 30, halafu VAT. Magari tunayoyapenda sisi, Altezza za 1998 hadi 2005, Mark X za mwanzo, Impreza zile za macho ya duara, yote yameshavuka miaka hiyo kumi. Lililopo mjini likiwa zima, bei yake haishuki.

Kiwango nacho kinapanda kwa sababu kampuni inatazama madai. Impreza ya tabo ina nguvu farasi 250 na zaidi, Mark X ya lita 3 inafika 256, na wengi wanaoziendesha ni vijana. Spea zake si za Vitz. Ukipasua taa ya mbele ya WRX, hiyo Impreza ya tabo, utazunguka Gerezani na Ilala siku nzima, na ukiipata, muuzaji anajua kabisa kwamba huna pa kwenda. Simlaumu mwenye kampuni kwa kuogopa. Ninachomdai ni aniambie mapema anaogopa nini, ili nijue cha kufanya.

Sasa tupange, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza: bima kubwa kwa thamani iliyokaguliwa

Kama gari lako lina thamani ya milioni 12 kwenda juu, hii ndiyo ya kununua, hata kama bei inauma. Neno la kushika hapa ni "iliyokaguliwa". Usimwachie wakala aandike thamani kwa kukisia akiwa ofisini. Mpeleke mthamini alione gari, apige picha, aandike namba ya injini, aandike rimu, aandike kila ulichoongeza. Risiti za rimu na viti zitunze. Kama umebadilisha eksozi, umeshusha springi au fundi ameichezea kontroo boksi ili tabo ipige zaidi, sema. Ndiyo, inaweza kukuongezea bei. Lakini mkaguzi atakayekuja baada ya ajali atafungua boneti, na ataona.

Kabla ya kulipa, kaa na mkataba. Si ile karatasi moja ya stika, ni kijitabu chenyewe. Mimi huwa nauliza haya kwa mdomo, kisha naomba jibu kwa barua pepe.

Nikigongwa, spea ni mpya au za mtumba za Ilala? Na kama ni mpya, mnakata kiasi gani kwa uchakavu? Kampuni nyingi hukata, na kwa gari la miaka kumi na tano makato hayo yanaweza kukutoa jasho. Gereji nachagua mimi au nyinyi? Kwa Subaru swali hili ni zito, maana si kila fundi anajua kuifungua injini yake, ambayo pistoni zimelala ubavu.

Vipande vikiibwa mnalipa? Mjini Dar gari zima haliibwi mara nyingi kama zinavyoibwa saiti mira, taa na swichi za vioo. Watu wanalipa bima kubwa mwaka mzima wakiamini wamejikinga, kisha anaamka asubuhi Sinza anakuta gari halina macho, na mkataba unasema kipande kilichoibwa peke yake hakilipwi, au kinalipwa mpaka kiasi kidogo tu.

Maji je? Hili naliuliza kwa msisitizo kila mwaka kabla ya masika. Gari lililoshushwa linavuta hewa karibu na ardhi. Ukiingia kwenye dimbwi la Jangwani au Mkwajuni, injini ikanywa maji, vyuma vya ndani vinapinda papo hapo. Kampuni nyingine inaiita hiyo mafuriko na inalipa. Nyingine inasema dereva aliingia mwenyewe kwenye maji, hailipi. Tofauti ya majibu hayo mawili ni injini nzima.

Na ujue yale ambayo hakuna kampuni itakayokulipa: mashindano na majaribio ya kasi ya aina yoyote, dereva mlevi, dereva asiye na leseni ya daraja la gari hilo, na gari binafsi lililokamatwa likibeba abiria wa kulipa. Crown inayofanya kazi za programu za usafiri jioni inatakiwa bima ya biashara.

Ya pili: bima kubwa, lakini ubebe zaidi wewe mwenyewe

Hii ndiyo niliyompeleka rafiki yangu. Kila bima kubwa ina sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, mawakala wanaiita ekses. Kama unaendesha kwa adabu na una akiba kidogo benki, waambie: niongezeeni ekses, mnipunguzie kiwango. Kampuni inayoogopa vijana wa Subaru inaogopa zaidi madai madogo madogo, bampa leo, taa kesho. Ukizibeba hizo mwenyewe, unakuwa mteja mwingine machoni pao. Hawatashuka chini ya kiwango cha chini, lakini kile walichokirundika juu yake kinazungumzika.

Ongeza na kifaa cha kufuatilia gari, na cheti cha miaka ambayo hukudai chochote. Usisubiri waulize, peleka mwenyewe. Nenda kwa broka pia, si kwa wakala wa kampuni moja peke yake. Broka anaweza kukuletea bei za kampuni tatu au nne kwa siku moja, na kwa magari yetu haya bei hutofautiana sana kwa sababu kila kampuni imechomwa kivyake.

Ya tatu: bima ndogo yenye moto na wizi

Wengi hawajui kwamba ipo, na mawakala hawaitaji mpaka uulize. Inalipa madhara unayowafanyia wengine, halafu gari lako likiungua au likiibwa zima nalo linalipwa. Ukigonga mti, ni wewe na fundi wako.

Kwa Altezza ya milioni saba au nane, au Mark II ya GX110 iliyotunzwa, mimi ningeichukua hii. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri kwenye bima kubwa, na gari la 2001 linaweza kukataliwa kabisa au kukubaliwa kwa masharti yasiyo na faida. Magari haya yana nyaya za redio zilizoungwa na mafundi watano tofauti. Moto si jambo la kufikirika kwake.

Ya nne: bima ndogo peke yake

Kwa gari binafsi ni 118,000, yaani laki moja na VAT yake. Ndiyo sheria inayokutaka uwe nayo barabarani, na trafiki akikusimamisha Ubungo atakuacha. Lakini inamlipa yule uliyemgonga. Wewe haikujui. Ukiichagua, chagua ukiwa na mpango: kila mwezi weka pembeni sehemu ya ile pesa ambayo ungelipa bima kubwa, na usiiguse. Kijana anayenunua Impreza ya milioni 20 kwa mkopo wa ofisini, akaikatia bima ya 118,000, anaweza kulipa mkopo miaka mitatu wa gari lililoko juu ya mawe.

Ya mwisho kabisa: bima kubwa ya thamani ya uongo

Naiweka chini ya bima ndogo kwa makusudi. Mwenye bima ndogo angalau anajua hana kitu. Huyu anaamini amekingwa.

Mwaka 2017 nilikuwa na WRX ya 2004, ya bei ya milioni 16 sokoni. Wakala mmoja akanishauri tuiandike milioni 10 ili niokoe. Kwa milioni 16 ningelipa 660,800. Kwa milioni 10 nililipa 413,000. Nilitoka ofisini kwake nimeokoa 247,800 na nilifurahi kweli.

Miezi minne baadaye daladala lilifunga breki mbele yangu Mwenge nami nikaingia chini ya mgongo wake. Boneti ile yenye pua ilikunjika mpaka ikalala juu ya intakula, kile kipoza hewa cha tabo, rediata ikapasuka, taa zote mbili zikaenda. Gereji ikaandika milioni 4. Nilijua akilini kwamba 4 ni ndogo kuliko 10, basi nimelindwa.

Mkaguzi alikuja, akazunguka gari mara mbili, akaandika thamani yake halisi: milioni 16. Kisha akanionyesha kifungu kwenye kijitabu ambacho sikuwahi kukifungua. Kama umekatia bima sehemu tu ya thamani, kampuni inalipa sehemu hiyo hiyo ya hasara. Nilikata 10 kati ya 16, basi nilipwe 10 kati ya 16 ya milioni 4, yaani milioni mbili na nusu. Toa ekses ya 250,000. Nikabaki na 2,250,000, na gari likakaa gereji wiki saba nikitafuta milioni moja na laki saba na nusu. Ile 247,800 niliyookoa sikuiona tena.

Wakala hakukosea hesabu. Alijua. Nami nilisaini. Ndiyo maana leo mtu akiniambia kapata bima kubwa ya Subaru kwa bei ya Vitz, huwa namwomba anionyeshe thamani iliyoandikwa kabla sijampa hongera.

Ukishalipa

Pesa ilipwe kwenye akaunti ya kampuni au ya broka, si kwenye simu ya mtu binafsi. Kisha siku hiyo hiyo ingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, weka namba ya gari au ya stika, na usome kinachoonekana: jina la kampuni, tarehe na aina ya bima. Kuna watu wamelipia kubwa, mfumo ukaonyesha ndogo, wakajua siku ya ajali. Kama unasafiri kwenda Nairobi au Lusaka, omba na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, kabla hujaondoka, si mpakani.

Ukipata ajali, usilisogeze gari polisi hawajafika, piga picha za pande zote, na ijulishe kampuni siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili. Kuchelewa kutoa taarifa ni mlango wa kwanza wa kukataliwa. Na kampuni ikikukatalia bila sababu inayoeleweka, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda huko na barua yao ya kukataa kabla hujafikiria mahakama.

Rafiki yangu wa Tabata alikubali ekses yake ipande kutoka asilimia 5 ya dai hadi 10, akapeleka karatasi ya kifaa cha kufuatilia gari na barua ya miaka mitatu bila dai. Kiwango kikashuka kutoka 4.5 hadi 4. Thamani ilibaki milioni 20 kama mthamini alivyoiandika. Alilipa 944,000. Jumamosi hiyo, baada ya kuosha gari, alimwita fundi amwandikie namba ya gari kwenye taa zote na saiti mira mbili, maana tulisoma kifungu cha vipande vilivyoibwa na tukakuta hawalipi.