Niliagiza tenki la samaki, fundi vioo akanikatia upogo

Mimi ni fundi cherehani, futi kamba iko shingoni tangu asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo mtu asije akaniambia sikupima vizuri. Nilipima. Nikapima tena. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari na kila namba nikaipigia mstari: kitako sentimita 90 kwa 45, mbele na nyuma 90 kwa 29, vya ubavuni viwili, 43.2 kwa 29. Kioo cha milimita 8. Duka liko huku huku kwetu Tabata, jina silitaji, sitaki kesi.

Hiyo 43.2 ndiyo ugomvi wote. Tenki lina upana wa 45 kwa nje. Toa unene wa kioo cha mbele na cha nyuma, unabaki na 43.4. Toa milimita moja ya silikoni kila upande, unabaki na 43.2. Ni kama kuacha nafasi ya mshono, hakuna uchawi. Fundi akaitazama karatasi kama ameletewa deni la marehemu, akasema, "Mama, hii pointi mbili ya nini? Kioo si kitambaa."

Halafu akauliza fremu iko wapi. Nikamwambia haina fremu wala mkanda wa juu, na uzuri wake ndio huo: ukikaa unaona maji mpaka mwisho wa kioo, ukisimama unawatazama samaki kwa juu kama uko ukingoni mwa ziwa. Alicheka mpaka vijana wake wakaacha kazi. "Tenki bila fremu ni nyumba bila lenta. Litakuua." Hapo sikukasirika, kwa kweli hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Nikamweleza kwamba maji yanasukuma kufuata kina, siyo urefu, ndiyo maana nimelifanya la chini kama sinia; kama lingekuwa na kina cha sentimita 60 hata mimi ningetaka kioo kinene zaidi na mkanda juu. Nilieleza kwa adabu kabisa. Jibu lake: "Baba watoto yuko wapi? Mwambie aje tuelewane."

Nilinyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini nilitoa pesa. Nadhani ni kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kioo cha milimita 8 kisicho na mikwaruzo, na bajaji ilikuwa nje inanisubiri.

Nikaambiwa kesho, nikaambiwa keshokutwa, sasa hizo ngoja nisizihesabu, sisi mafundi nguo tutaanza kuoneana aibu. Nilipofuata mzigo, kioo kimoja cha ubavuni kilikuwa sawa. Cha pili juu ni 43.2 na chini ni 42.8. Kimekatwa upogo! Nikamwonyesha. Akanyoosha shingo, hata kukishika hakukishika. "Silikoni itajaza."

Silikoni itajaza. Aliyasema maneno hayo mara nne au tano, kila mara kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Sasa niambieni, tenki lisilo na fremu limeshikwa na nini kama si hiyo silikoni? Mshono ukiwa mwembamba na sawasawa, unashika. Ukiwa mwembamba huku na mnene kule, pale penye unene ni mpira mtupu unavutwa na maji, tena kwa chini, kwenye msukumo mkubwa. Mimi sketi ikikatwa upogo nakata nyingine. Simwambii mteja uzi utajaza.

Nikaomba akate kingine. Akasema kioo cha 8 kimekwisha, na huku kimeegemea ukuta nyuma yake. Akamalizia kwamba haya ni mambo ya Kizungu, samaki ni wa kukaanga. Mambo ya Kizungu! Ziwa Victoria kuna samaki anaitwa Pundamilia nyererei, jina la kwanza Kiswahili kitupu, la pili ni la Mwalimu, na watu wa nchi za mbali wanamfuga sebuleni. Sisi wenye maziwa tunaambiana ni Uzungu. Sikumwambia, nilikuwa nimeshakasirika na nikikasirika natetemeka mdomo.

Kosa langu, na nalikiri, ni kwamba nilikibeba kile kioo nikaenda nacho nyumbani. Nikajipa moyo kuwa labda anajua kazi yake. Hata silikoni aliyoniuzia nilikuja kuisoma ubavuni nikakuta ni ya bafuni, ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaweza kuua samaki. Nikaiweka kando, nikatafuta ile safi isiyo na dawa, ambayo ikikauka chumba kizima kinanuka siki. Nikafuta kingo kwa spiriti, nikabandika, nikaliacha wiki nzima bila kuligusa. Nikalijaza maji barazani, namshukuru Mungu sikujazia sebuleni. Siku ya tatu alfajiri naenda kuwasha jiko naona sakafu inang'aa. Kwenye kona ile ile, chini, maji yanatoka membamba kama uzi namba 40.

Kilichofuata ni wembe. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, kwa hiyo ilibidi nikwangue kila chembe, kucha mbili zikaenda, na nguo za wateja zikalala.

Nikarudi dukani na kioo mkononi, nimejiandaa kwa maneno. Bosi hayupo. Yupo dogo mmoja, mwembamba, ambaye siku ile hakucheka, nakumbuka. Akakipima, akakipima tena, akaguna. Hakuniuliza baba watoto. Akakata kipya, akakaa chini na jiwe la kusagia na kopo la maji, akakisugua kingo taratibu, huku anakimwagia maji, karibu nusu saa. Kisha akaniambia, "Pitisha kidole, mama." Nikapitisha. Laini kama kifungo. Nikapima: 43.2 juu, 43.2 chini. Nilitaka kulia, na hapo hapo nikaamua duka hili nitalipatia nyota tano na yale mengine yote nasamehe.

Bosi akatokea nimeshafika mlangoni. "Hicho kimelipiwa?"

Nililipa mara ya pili. Nyota tano zikaishia hapo.

Tenki sasa liko sebuleni, chini yake nimetandika sponji nyembamba ili kitako kisikae kwenye kichembe cha mchanga kikapasuka. Lina maji lita 100 hivi, ya kisima chetu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kumbe visamaki vya Ziwa Tanganyika ndiyo wanayoyataka, kwao maji ni magumu pia. Nimeweka vile vidogo vinavyoishi ndani ya magamba ya konokono. Kimoja jana kilikuwa kinachota mchanga kwa mdomo, kinautema pembeni, kinachota tena, mpaka gamba likazama lote ukabaki mdomo wa tundu tu. Kisha kikajirusha ndani. Nilisimama na pasi mkononi, nusura niunguze suti ya mtu.

Je, nawashauri muende kwa fundi yule? Kioo chake ni kizuri, hilo siwezi kulikataa. Kingo za dogo ni nzuri kuliko nilizoziona popote. Lakini mtu anayekukatia upogo halafu anakulipisha kurekebisha, hapana, msiende. Ingawa mimi itabidi niende, paka wa jirani ameanza kukaa dirishani na nataka mfuniko wa kioo. Nimeshauliza, bosi hutoka kwenda kula saa saba.